Anayetangulia Mlimani

Nilipokuwa na miaka kumi, sokoro, babu yangu, alinipandisha genge la Manga, linalotazama mji wa Kisii kutoka upande wa Nyamira. Alitangulia na fimbo, akigonga kila jiwe kabla sijalikanyaga. Tulipofika juu alisema: "Njia huijui mpaka umpitishe mwingine."

Maneno hayo hunirudia nisomapo historia ya milima yetu. Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Watu wa Marangu, chini ya mlima huo, wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama kijana wao aliyewaonyesha wapandaji hao njia. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, akiongozwa na César Ollier na Joseph Brocherel, wazoefu wa milima ya Alpi. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo yao wengi hawatajwi.

Kisha zamu yetu ikafika. Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya uhuru Mlima Kenya. Mei 2022 James Kagambi, mkufunzi wa wapanda milima, akiwa na miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest.

Nami huwapandisha wanafunzi wangu Manga, nikitangulia na fimbo ya sokoro.