Jinsi ya kutambua toleo la Java lililotumika kuunda programu

TAKWIMU za afya kutoka Wilaya ya Rungwe, ikiwamo hospitali ya wilaya iliyopo mjini Tukuyu, huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa DHIS2. Mfumo huo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, umeandikwa kwa lugha ya Java.

Programu ya Java haifanyi kazi peke yake. Huhitaji kompyuta iwe na Java ya toleo lile lile iliyoundiwa, au jipya zaidi. DHIS2 toleo la 2.41, kwa mfano, huhitaji Java 17. Seva ikiwa na Java ya zamani, programu hugoma na kutoa ujumbe wa UnsupportedClassVersionError. Kazi husimama, na taarifa huchelewa.

Fundi asiye na maandishi asilia ya programu hana haja ya kubahatisha, kwani jibu limo ndani ya faili lenyewe. Kila faili la Java lenye kiambishi cha .class huanza na baiti nne zinazosomeka CAFEBABE. Ni utani wa wabunifu wa lugha hiyo, iliyopewa jina la kahawa, zao ambalo wakulima wa Rungwe wanalijua vyema. Baiti nne zinazofuata hubeba namba ya toleo, na namba kuu imo katika mbili za mwisho.

Namba hiyo huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ikisomeka 34, maana yake ni tatu mara 16, kuongeza nne, yaani 52. Ukitoa 44, unabaki na 8, hivyo programu inahitaji Java 8, iliyotolewa mwaka 2014. Vivyo hivyo, 55 ni Java 11 ya mwaka 2018, 61 ni Java 17 ya mwaka 2021, na 65 ni Java 21 ya mwaka 2023.

Njia nyepesi ni kutumia amri ya javap -verbose ikifuatiwa na jina la faili, kisha kutazama mstari wa "major version". Programu ikiwa katika kifurushi cha .jar, kifunguliwe kwanza kama faili la zip.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Namba hiyo huonyesha toleo la chini linaloweza kuendesha programu, si lazima lililotumika kuiunda. Mtunzi mwenye Java 17 anaweza kuiagiza itoe faili la Java 8. Toleo halisi la kuundia wakati mwingine huandikwa ndani ya kifurushi, katika faili la MANIFEST.MF, kwenye mstari wa Build-Jdk au Build-Jdk-Spec. Mstari huo usipokuwapo, namba ya faili ndiyo ya kutegemewa kabla ya kubadilisha chochote kwenye seva.