Kwa nini meli za kitalii huahirisha safari bahari inapochafuka

Abiria wa meli za kitalii aghalabu hunung'unika bandari inaporukwa au safari inapocheleweshwa kwa sababu ya hali ya hewa. Tukio la Norway la mwaka 2019 linaonesha uzito wa uamuzi huo.

Machi 23, meli ya Viking Sky, iliyobeba watu 1,373, ilikuwa ikitoka Tromsø kuelekea Stavanger ilipokumbwa na dhoruba huko Hustadvika, eneo la pwani lenye kina kifupi na miamba mingi. Mafuta ya kulainisha mitambo yalikuwa machache. Meli ilipoyumba, pampu zilishindwa kuyavuta na injini zikazimika. Mabaharia walitia nanga, lakini meli iliendelea kusukumwa kuelekea miambani hadi injini zilipowashwa tena. Helikopta ziliwaopoa watu 479, na siku iliyofuata meli ikafika bandari ya Molde.

Ripoti ya wachunguzi wa Norway, iliyotolewa mwaka 2024, ilibainisha kuwa meli hiyo haikupaswa kuondoka Tromsø: jenereta moja kati ya nne ilikuwa mbovu, hivyo masharti ya usalama hayakutimizwa.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unamkataza mwenye meli kumzuia nahodha kuchukua uamuzi ambao, kwa utaalamu wake, anauona ni wa lazima kwa usalama.

Kwa msafiri, ni busara kuacha angalau siku moja kati ya kushuka melini na kupanda ndege ya kurudi nyumbani.