Kidonge cha mama kina ukoo na majani

Mama yangu ana kisukari. Mwezi uliopita nilimkuta ameweka metformini yake kando, anakunywa maji ya mwarobaini. “Vidonge ni kemikali, mwanangu. Hii ni ya Mungu.”

Sikubishana naye. Nilikwenda kuchimba historia, na nilichokikuta kilinichekesha: chanzo cha kidonge hicho ni mmea!

Unaitwa Galega officinalis. Ulaya ulikuwa dawa ya kienyeji kwa karne nyingi, ingawa mifugo iliyoula ilikuwa ikifa. Ndani yake mna galegini, kitu kinachoshusha sukari. Miaka ya 1920 madaktari waliwajaribishia wagonjwa. Sukari ilishuka kweli, lakini sumu yake ikawatisha wakaiacha.

Mwaka 1922, mjini Dublin, Emil Werner na James Bell wakatengeneza metformini, ambayo kikemia ni ya ukoo mmoja na galegini. Hakuna aliyeijali kama dawa ya kisukari. Insulini ilikuwa imegunduliwa Toronto mwaka 1921, macho yote yalikuwa huko. Ni Jean Sterne, daktari wa Paris, aliyetangaza mwaka 1957 kwamba inawafaa wagonjwa. Marekani iliiruhusu 1994 tu.

Kwa hiyo ugomvi si majani na kemikali. Swali ni nani amepima dozi na sumu.

Jana nilimsimulia mama yote haya. Kameza kidonge, ila sufuria ya mwarobaini bado iko jikoni. Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari, tukamweleze vyote viwili.

Je, mgonjwa wako anakunywa nini, na daktari wake anajua?