Lulu na Umri Ambao Hakuna Aliyeuuliza

Kabla ya kuwa jina la kesi, Lulu lilikuwa jina la kwenye kava la filamu. Nilikuwa na kibanda cha kukodisha kanda Manzese, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyewahi kutamka jina lake halisi, Elizabeth Michael. Walikuwa wakichungulia dirishani na kusema, "Mama, ya Lulu mpya imeingia?" Ikiwa imetoka, wanaacha hela, ikiwa bado, wanarudi kesho.

Sisi wenye umri wetu tulimjua zamani, tangu michezo ya kundi la Kaole iliyoonyeshwa ITV. Mtaa mzima ulikusanyika kwa mwenye televisheni, na yule mtoto alipotokea, kina mama walicheka kwa jinsi alivyojua kujibu. Ni Kaole hiyohiyo iliyomtoa Vincent Kigosi tunayemwita Ray, ikamtoa Blandina Chagula aliyejulikana kwa jina la Johari, ikamtoa na Steven Kanumba, kijana aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984. Lulu alikulia mikononi mwa watu wazima wa sanaa. Alivyokua, nafasi zake zikakua naye: leo mtoto wa nyumbani, kesho msichana wa mjini mwenye visa.

Biashara yenyewe ilikuwa changa na yenye haraka. Mwaka 2003 ilitoka "Girlfriend" ya George Tyson, watu wakaona kwamba Dar es Salaam nayo inaweza kujitengenezea sinema. Kabla ya hapo rafu zangu zilijaa Wanaijeria na Wahindi. Baada yake zikaanza kuingia za kwetu, kwanza kanda za deki, kisha VCD, kisha DVD, hadithi moja ikikatwa vipande viwili ili mtu anunue sehemu ya kwanza na ya pili. Nyumba inakodishwa, kamera inawashwa, baada ya siku chache picha imekwisha. Msambazaji wa Kariakoo analipa kwa mkupuo na kuchukua haki zote. Msanii anapewa chake mkononi, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo. Katika haraka hiyo sikuwahi kusikia mtu akiulizwa cheti cha kuzaliwa.

Kanumba ndiye aliyeivusha biashara hii mipaka. Mwaka 2006 alitoa "Dar to Lagos" akiwa na Mercy Johnson wa Nigeria. Mwaka 2008 ikaja "Oprah", aliyocheza na Ray na Irene Uwoya. Hiyo kibandani kwangu haikukaa rafuni, ilikuwa ikirudi inatoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza Vatican, akiwa na miaka 28. Chumbani alikuwa na Lulu. Siku tatu baadaye mji ulisimama. Viwanja vya Leaders Club vilifurika, watu wakazimia, Makamu wa Rais Dk. Mohamed Gharib Bilal akawa miongoni mwa waombolezaji, na jeneza likapelekwa makaburi ya Kinondoni. Sijaona msanii wa nchi hii akizikwa namna ile. Na katika uchungu ule, mtaani hukumu ilishatoka. Wapo waliomtukana yule binti kibandani kwangu huku wameshika filamu zake.

Alipofikishwa Mahakama ya Kisutu, shtaka lilikuwa mauaji, na hati ya mashtaka ilimwandika kuwa na miaka 18. Mawakili wake wakapinga. Walileta cheti kinachoonyesha kwamba alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995, wakaomba kesi iendeshwe kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hesabu ya cheti hicho ni nyepesi: usiku ule wa Sinza alikuwa hajatimiza hata 17. Jambo likapanda Mahakama Kuu, jaji akataka umri uchunguzwe. Upande wa mashtaka ukaenda Mahakama ya Rufaa, na uamuzi ule ukatenguliwa. Miezi ikapita watu wakibishana kuhusu tarehe moja. Shtaka la mauaji halina dhamana, kwa hiyo mabishano yote hayo yalimkuta mahabusu Segerea.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya ile rafu yangu. Bodi ya filamu ilikuwapo kwa sheria ya mwaka 1976, na kazi yake mojawapo ni kupanga nani anafaa kutazama picha gani. Umri wa mtazamaji ulikuwa na mwenyewe wa kuuangalia. Umri wa aliyecheza ulikuja kuangaliwa Kisutu, na mtu ameshazikwa.

Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Januari 2013 akapata dhamana. Mwaka huohuo akazindua "Foolish Age" ukumbi wa Mlimani City, na waliomtukana wakajipanga kuinunua. Machi 2016, Lagos, akatwaa tuzo ya Africa Magic ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Alipanda jukwaani kuipokea huku kesi yake ikiwa bado haijasikilizwa.

Ilisikilizwa Oktoba 2017, zaidi ya miaka mitano tangu kifo. Alipojitetea alieleza kwamba Kanumba ndiye aliyekuwa akimpiga, hata kwa ubapa wa panga, kwa wivu wa simu, kisha akayumba na kuanguka. Jamhuri ilisimama kwenye jambo moja zito: chumbani walikuwa wawili tu, na mmoja hayupo. Tarehe 13 Novemba 2017 Jaji Sam Rumanyika alimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili jela. Kosa hilo adhabu yake ya juu kabisa kwa sheria zetu ni kifungo cha maisha, ndiyo maana wengine waliona ni huruma, na wengine waliona hakustahili hata siku moja. Mei 2018 alitolewa kumalizia kifungo chake nje kwa kutumikia jamii, na Novemba mwaka huo akamaliza.

Mahakama imeshasema lake na mimi sina la kuongeza juu ya usiku ule. Nazungumzia miaka iliyoutangulia. Sheria ya Mtoto haikuwa imefichwa. Inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Filamu nazo ni kazi: zina malipo, zina saa za usiku, zina watu wazima wenye fedha na sauti. Lakini kwa kuwa ziliitwa kipaji, hakuna aliyeziona kuwa ajira. Mtoto anayebeba zege tunamwonea huruma. Mtoto anayebeba filamu nzima tunampigia makofi.

Kibanda changu nilishakifunga. Watu wanatazama kwenye simu na ving'amuzi, na wale wasambazaji wa Kariakoo wamepungua nguvu. Ila watoto hawajapungua. Wamo kwenye tamthilia, wamo kwenye vichekesho vya mitandaoni, wanarekodiwa usiku wakiwa na shule asubuhi, na wazazi wao wanasifiwa kwa kuzaa nyota.

Basi ombi langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Anayemchukua mtoto kuigiza aombe cheti cha kuzaliwa kabla ya kuwasha kamera, aandike mkataba wenye sahihi ya mzazi, na mzazi awepo pale kazi inapofanyika mpaka taa zizimwe. Bodi inayokagua picha idai karatasi hizo pamoja na picha yenyewe. Nawe mzazi, mwanao akiitwa kuigiza, usiulize kwanza atalipwa ngapi. Uliza atakuwa na nani, na atarudi saa ngapi.