Barua za Askari kutoka Ceylon

Ndugu zangu, vijana wetu huuliza kwa nini barua za wazee waliokwenda katika Vita Kuu ya Pili zimejaa salamu tu.

Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1944 ikaingia Burma. Kambini walikuwamo watu wa makabila mengi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Lugha iliyowakutanisha, katika gwaride na penye ugali, ilikuwa Kiswahili. Wengi hawakujua kusoma. Jeshi liliwaletea walimu, na ajuaye kuandika aliwaandikia wenzake. Kisha ofisa aliisoma barua na kufuta alichokitilia shaka. Ikifika kijijini, mke naye aghalabu alisomewa na mtu mwingine.

Basi siri ya mume na mke ingepitaje mbele ya watu watatu? Katika zile nilizozisoma mimi, yalibaki majina ya watoto mmoja mmoja, na kuuliza habari za mbuzi. Mapenzi yao yamo humo. Mwenye barua kama hizo sandukuni, tafadhali asizitupe.