Kinga ya Misuli ya Moyo Wakati wa Upasuaji wa Ateri za Koronari

Kinga ya misuli ya moyo ni mbinu za kuuwezesha moyo kuvumilia kusimamishwa huku daktari akishona njia mpya ya damu kuipita ateri iliyoziba. Mashine ya moyo-mapafu huendelea kuulisha mwili, lakini koleo likishaibana aorta, moyo wenyewe haupati damu. Ukiwa na joto la kawaida, misuli yake huanza kufa baada ya dakika 20 hivi, na kushona mishipa mitatu mara nyingi huchukua saa nzima au zaidi.

Kinga kuu ni kadioplejia, maji ya dawa yenye potasiamu nyingi. Yakiingia kwenye mzizi wa aorta, moyo hulegea na mstari wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hulala bapa. Moyo uliosimama hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya oksijeni ya kawaida, na baridi hupunguza matumizi hayo zaidi. Denis Melrose alianza kutumia potasiamu sitreti mwaka 1955 jijini London, lakini kipimo kilikuwa kikali, kikaumiza misuli, njia ikaachwa. Miaka ya 1970 Hospitali ya St Thomas' iliirudisha kwa kipimo cha chini, naye Gerald Buckberg wa Los Angeles akaichanganya na damu.

Ugumu wa upasuaji huu ni kwamba ateri iliyozuia damu huzuia dawa pia. Kwa hiyo dawa hupitishwa pia kinyumenyume kwenye sainasi ya koronari, vena kubwa iliyo nyuma ya moyo, ingawa njia hiyo huilinda vibaya ventrikali ya kulia. Vena ya mguu inayotumika kama njia mpya ikishashonwa, dawa husukumwa humo pia, na mshono unaovuja huonekana papo hapo.

Jijini Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, Mater na Aga Khan hufanya upasuaji wa moyo wazi. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi walikuwa wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Sasa presha na sukari zinaleta wagonjwa wa ateri. Mkazi wa mtaa kama Kawangware au Kibera anayemeza dawa ya asidi kwa maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, ambayo yaweza kuwa dalili ya mshtuko wa moyo, anaweza kupoteza misuli ambayo kadioplejia haiwezi kuifufua. Akifika kituo cha afya, ECG yapasa kufanywa ndani ya dakika 10.