Ukimya wa Picha: Historia Fupi ya Kupiga Picha Maeneo ya Hisia katika Ubongo na Funzo Lake kwa Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika Kiswahili cha pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi, hisia huelezwa kwa viungo vya kifuani na tumboni. Mwenye hofu huambiwa ajipe moyo. Neno chungu husemwa kuwa linakata maini. Mgawanyo wa hisia baina ya viungo una historia ndefu katika tiba pia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliufanya moyo chimbuko la roho ya uhai, ilhali uwezo unaomfanya kondoo amwogope mbwamwitu aliuweka ubongoni.

Mwaka 1937 James Papez alipendekeza kuwa hisia zinatokana na mzunguko wa sehemu za ndani za ubongo. Uthibitisho kwa binadamu aliye hai ulingoja chombo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha, kwa panya, kuwa damu iliyopungukiwa oksijeni hubadili ishara ya MRI. Kufikia mwaka 1992 njia hiyo ilikuwa imetumiwa kwa watu.

Hapo palizuka tatizo. Wepesi uleule wa kuhisi mabadiliko ya damu uliifanya mashine ivurugwe na hewa. Amigdala na gamba la ubongo lililo juu ya macho viko karibu na mapango ya hewa ya fuvu, ambako uga wa sumaku hupinda na ishara hufifia. Maeneo muhimu kwa hofu na thamani yakawa doa jeusi, na msomaji asiye makini angeweza kudhani kuwa hayakufanya kazi. Mwaka 2003 Ralf Deichmann na wenzake, London, walionyesha kuwa kuinamisha pembe ya vipande vya picha na kusawazisha uga hurejesha sehemu kubwa ya ishara hiyo.

Hoja ya insha hii ni kwamba maendeleo hayo yalianza pale ukimya wa picha ulipohesabiwa kuwa kasoro ya kipimo. Kanuni hiyo inahusu Kilwa na Lindi hata pasipo mashine. Dodoso la huzuni lililotafsiriwa bila kugusa moyo wala maini linaweza kuleta majibu matupu, na utupu huo ukaandikwa kuwa watu hawaugui. Kabla ya kuhukumu ubongo au jamii, sharti kipimo chenyewe kipimwe.